Udongo Hauna Haraka

Mazungumzo yetu ya leo ni ya udongo, na nataka hasa yamfikie yule anayelima kipande chake mwenyewe, hata kama ni cha kuazima, hata kama ni robo eka nyuma ya nyumba.

Unguja ni kisiwa kidogo. Kutoka Nungwi hadi Makunduchi ni kama kilomita 85, na kukikata kutoka magharibi kwenda mashariki gari haichukui saa mbili. Lakini ndani ya udogo huo ardhi yake haifanani. Mkulima wa Kizimbani au Dole analima kinongo, udongo mwekundu wenye kina, uliobeba karafuu na minazi tangu enzi za masultani. Akisogea kidogo anakutana na kichanga, chepesi kwa jembe, ila maji na rutuba hupita humo haraka. Mabondeni, kama Cheju na Mtwango, kuna kinamo, kinachonata miguuni wakati wa masika na kupasuka wakati wa jua, na hapo ndipo penye mpunga. Ukielekea mashariki na kusini unaingia kwenye uwanda na maweni: udongo haba juu ya jiwe la matumbawe, mahali pengine umejificha ndani ya mashimo ya jiwe tu, na mkulima inambidi kila mbegu aitafutie pa kuiweka. Majina haya ni ya wakulima wenyewe. Wataalamu wa kikoloni walipokuja kuchora ramani za udongo wa visiwa hivi, waliyatia kwenye ramani zao majina haya haya.

Nimeanzia hapo kwa sababu kisiwa cha namna hii hakiwezi kuendeshwa kwa ushauri mmoja. Kwenye maweni, chokaa ya matumbawe huishika fosforasi na madini ya chuma, mmea ukageuka njano ilhali chakula kimo ardhini. Kwenye kinongo, mvua za miaka mingi zimekwisha kuosha sehemu kubwa ya virutubisho. Kwenye kichanga, mbolea ya dukani ikitiwa leo na mvua ikapiga kesho, nyingi itakuwa imeshazama chini mizizi isikofika. Basi nani ajue shamba la fulani linataka nini, kama si huyo anayelilima? Na yeye atajuaje, kama hakujaribu?

Wakulima wetu hujaribu siku zote. Mwanamke wa Ndijani akipata mbegu ya muhogo kwa ndugu yake wa Donge, hapandi shamba zima. Hupanda matuta mawili, akavuna, akapika, akaangalia kama unaiva upesi na kama una uchungu, ndipo aeneze. Huo ni utafiti. Upungufu wake ni mmoja tu: haukuandikwa, na mara nyingi haukupandwa kando ya kitu cha kulinganisha nacho. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa nayo ni mali.

Historia yetu inatuonya juu ya njia nyingine, ile ya amri. Mwezi wa Julai 1951, watu wa Kiembesamaki walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima. Walikuwa tayari na uchungu wa ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na hawakuwaamini waliokuja na sindano. Watu walikamatwa, umati ukajaribu kuwaokoa, risasi zikapigwa, watu wakafa. Tunavijua vita hivyo kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Huenda dawa ile ilikuwa sahihi kabisa kwa ugonjwa uliokuwepo. Lakini mkulima hakuulizwa, hakuonyeshwa, hakupewa nafasi ya kuona kwa macho yake ng'ombe mmoja aliyechanjwa na mmoja ambaye hakuchanjwa. Elimu ikija kwa mlango wa amri, hata ikiwa ya kweli, hukataliwa.

Ilichukua miaka mingi kujifunza hilo. Katika miaka ya 1990, watu wa utibabu wa mimea hapa Zanzibar, kwa msaada wa Uholanzi, walibadilisha namna yao ya kufanya kazi. Badala ya kuwapelekea wakulima maagizo ya dawa, walikaa nao mashambani, wakachunguza pamoja wadudu na maradhi ya mpunga, migomba na muhogo, na wakulima wakawa wanapanga majaribio wenyewe. Uzoefu huo wa Zanzibar uliandikwa kitabu na watafiti Bruin na Meerman, kikatoka mwaka 2001, na nchi nyingine zikausoma. Utaratibu huo wa kujifunza shambani, uitwao shamba darasa, ulianzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, kwa kazi ya FAO. Ulipoingia kwetu kwa upana, hasa kuanzia mwaka 2007 kwa fedha za IFAD, shehia nyingi za Unguja na Pemba zilipata vikundi vinavyokutana chini ya mwembe au mnazi, na shamba la pamoja mbele yao.

Mwaka huo huo wa 2007 kituo cha utafiti cha Kizimbani kilitoa mbegu nne za muhogo: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Zilitolewa kwa sababu ya batobato, na kwa sababu ya michirizi ya kahawia, ugonjwa ule unaoozesha muhogo ndani huku majani yakidanganya kuwa mzima. Ugonjwa huo mtafiti Storey alikwisha kuuandika mwaka 1936 akiwa Amani, Usambara, na bado ulikuwa unatula. Mbegu zile zilisaidia sana, na sababu mojawapo ni kuwa wakulima walishirikishwa kuzichagua, wakazionja na kuzipika. Nawashukuru waliofanya kazi ile.

Lakini mbegu ni nusu ya habari. Muhogo unaozaa zaidi hubeba zaidi kutoka ardhini, hasa potasiamu, na mkulima anayeng'oa muhogo na kurudisha muhogo kwenye tuta lile lile, mwaka baada ya mwaka, anakopa bila kulipa. Mbegu mpya hukabidhiwa kwa sherehe, siku moja ikatosha. Udongo haukabidhiwi na mtu. Hujengwa msimu kwa msimu, na mjenzi wake ni mkulima.

Sasa tuseme wewe unayenisikiliza una eka moja ya kichanga na unataka kujua kama samadi itakufaa. Ufanyeje?

Usibadilishe shamba zima. Chukua vipande viwili vinavyogusana, vyenye upana sawa, vyenye mteremko mmoja, visiwe kimoja chini ya mwembe na kingine juani. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, palizi iwe moja. Tofauti iwe kitu kimoja tu. Ukitia samadi na papo hapo ukabadilisha mbegu na nafasi, ukivuna vizuri hutajua nani wa kushukuriwa. Kipande gani kipate samadi na kipi kiachwe, usichague kwa macho, maana sote tunajua jicho la mkulima litampa mgeni pahala pazuri. Rusha sarafu. Kisha, ukiweza, rudia jozi hiyo mahali pengine shambani, kwa sababu jozi moja inaweza kudanganywa na kichuguu cha zamani au jaa lililokuwepo wakati wa babu yako.

Najua linalokuja hapo. Mtu husema: nikiacha kipande bila mbolea, nimejitia hasara kwa makusudi. Ni kweli kipande hicho kitakupunguzia kidogo. Lakini bila hicho, kila msimu utamaliza kwa kusema mwaka huu mvua ilikuwa nzuri, au mwaka huu mvua ilikuwa mbaya, na hutajua kamwe kazi yako iliongeza nini. Kipande cha matuta matatu kinatosha. Na kama wewe huna nafasi ya jozi zaidi ya moja, wenzako kumi wa shehia wakiwa na jozi moja moja, mkazikusanya, hapo mna jaribio kamili. Malawi walilijenga wazo hilo vizuri tangu miaka ya 1990 kwa kazi ya mtafiti Sieglinde Snapp: jaribio mama moja kubwa katikati ya kijiji, na majaribio watoto madogo kwa wakulima kila upande, kila mmoja akichagua kipi cha kujaribu kwake. Hakuna kinachozuia jambo hilo lisifanyike Bumbwisudi au Muyuni.

Kuna mambo mawili unayoweza kuyaona kwa macho yako bila maabara, na ningependa uyajue.

La kwanza ni la mizizi. Kunde yako ikianza kuchanua, chimbua shina moja kwa jembe. Usilivute kwa mkono, utaacha ardhini unachokitafuta. Pukuta udongo polepole. Mizizini utakuta vinundu vidogo, vingine kama punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ukiona ndani rangi ya waridi au wekundu, ujue bakteria wamo kazini, wanachukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Ukiona cheupe au kijani, kazi haifanyiki, na kunde hiyo inakula udongo sawa na zao jingine lolote. Mara nyingi nimesikia watu wakisema walipanda kunde na shamba halikunufaika. Maswali yangu ni mawili: vinundu vilikuwa rangi gani, na baada ya kuvuna majani na mashina yalikwenda wapi? Kama yalichomwa moto ili shamba lionekane safi, faida kubwa imeondoka na moshi, maana naitrojeni nyingi iko kwenye punje ulizokula na majani uliyochoma.

La pili ni la maji. Chukua bonge kavu la udongo, ukubwa wa ndimu, kutoka kipande ulichokifunika matandazo, na jingine kutoka kipande kitupu. Weka kila moja kwenye glasi ya maji, taratibu, halafu usiguse. Bonge lenye mboji litatoa viputo na kubaki limesimama. La ardhi iliyochoka litaporomoka upande kwa upande, na maji yatageuka tope. Hivyo ndivyo mvua ya masika inavyolifanya shamba lako: pakishika, maji yanaingia, pakiporomoka, yanaondoka na udongo hadi bondeni. Kwa kinongo na kinamo jaribio hili linafaa sana. Kwa kichanga halifai, kwa sababu kichanga hakishiki bonge tangu mwanzo. Huko tazama zaidi muda ambao udongo unakaa na unyevu baada ya mvua.

Sasa tuje kwenye mzunguko wa mazao. Hapa ndipo penye ugumu, na sioni haki kuwalaumu wakulima bila kutazama kinachowasukuma. Mkulima wa mboga wa Unguja anajua vizuri kwamba tungule juu ya tungule ni hatari. Mnyauko wa bakteria hubaki ardhini, minyoo fundo hujaa mizizini, hasa kwenye kichanga, na bilingani na pilipili, ambazo ni ukoo mmoja na tungule, hazivunji mnyororo huo. Lakini mahoteli ya pwani yanataka tungule kila wiki, na bei inaongea kwa sauti kubwa. Shamba likichoka, tungule za Tanga na Iringa zinashushwa bandarini na kujaza pengo, mkulima wetu akabaki na udongo mgonjwa na deni la dawa. Hapo ningelijaribu marejea. Mmea huu wa jamii ya mikunde ulienezwa Tanzania Bara kutokea Peramiho, Ruvuma, kwa juhudi za Padri Gerold Rupper. Hurutubisha ardhi, hufunika magugu, na hupunguza minyoo fundo. Kipande kimoja kipandwe marejea kabla ya tungule, cha pili kiendelee kama kawaida. Ukimaliza kuvuna, ng'oa mashina na uhesabu yenye mafundo mizizini kwa kila kipande. Hesabu hiyo itakuambia kuliko kipeperushi chochote.

Na muhogo una kalenda yake. Muhogo, majimbi na ndizi vina bei Ramadhani, kwa futari, na mkulima mwenye akili hupanga shamba lake livunwe mwezi huo. Lakini mwezi wa Ramadhani huja mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na masika na vuli havihami nao. Kwa hiyo mwaka mmoja mavuno yanaangukia mwisho wa kiangazi, miaka kadhaa mbele yanaangukia katikati ya vuli, na mzunguko wa mazao uliopangwa kwa misimu ya mvua unavunjika bila mtu kukusudia kuuvunja. Muhogo hukaa ardhini karibu mwaka. Ukibadilisha tarehe ya kuung'oa, umebadilisha kila kinachoufuata, na mara nyingi kinachokatwa ni ile kunde au choroko ambayo ingeupumzisha udongo. Sijaona mwongozo wa kilimo wa hapa kwetu unaolizingatia jambo hili, na ni jambo kubwa.

Wazee wetu walilizingatia. Walikuwa na mwezi kwa ibada na jua kwa jembe. Mwaka wa jua, unaoanzia Nairuzi, ule ambao Makunduchi bado wanaukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa, waliugawa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, wakajua ni mwongo wa ngapi wa kupanda nini. Ushauri wangu ni kwamba mkulima anayeweka daftari la majaribio aandike tarehe zake kwa miongo. Ni kipimo kinachotosha: si kirefu kama mwezi, si kidogo hata kimchoshe mtu kuandika kila siku. Na Ramadhani aiandike pembeni, aone mwaka hadi mwaka inavyosogea juu ya miongo yake, apange mapema kipande gani kitatoa futari na kipande gani kitapumzika kwa kunde. Shamba likigawiwa mafungu matatu, hilo linawezekana.

Jambo la mwisho, na ndilo linalonisumbua zaidi, ni la nani mwenye ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilitaifishwa na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Leo eka hizo zimegawika kwa watoto na wajukuu. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na Unguja ndiyo imebeba wengi wao. Kule maweni, ambako shamba lilikuwa likiachwa miaka lirudishe msitu wake, sasa linarudiwa kabla halijapona. Kwengine, kama Donge Chechele na Pangatupu, mchanga umechimbwa ukapelekwa kujenga nyumba, na penye shimo hapalimwi. Na wakulima wengi, wanawake hasa, wanalima kwa kuazima. Mwenye kuazima anaruhusiwa muhogo, viazi na kunde. Mti haruhusiwi, kwa sababu kwetu mti una mwenyewe mbali na ardhi, na anayepanda mti ameanza kudai. Basi umwambie mtu huyo apande miti ya gilirisidia mipakani akate majani yawe mbolea, atakuitikia kwa adabu na hatapanda. Umwambie atie samadi itakayofaa miaka mitatu, atakuuliza kama miaka mitatu ijayo atakuwepo pale.

Na miradi yetu nayo ina umri huo huo wa kuazima. Mradi wa VIUNGO, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kufanya kazi nzuri ya mboga, matunda na viungo Unguja na Pemba, ulianza mwaka 2020 na ulikuwa na miaka yake ya kumaliza, kama miradi yote. Udongo haufuati mkataba wa mfadhili. Rothamsted, Uingereza, wana shamba la ngano lililo kwenye jaribio tangu mwaka 1843, na baadhi ya waliyojifunza yasingeonekana kwa miaka kumi. Sisi hatuhitaji miaka hiyo yote, lakini mzunguko mmoja kamili wa mafungu matatu ni miaka mitatu, na wa pili, ule unaothibitisha, ni mitatu mingine. Anayeweza kuwepo miaka sita ni mkulima, akiwa na uhakika wa kipande chake.

Kwa hiyo nina maombi. Wenye mashamba mnaoazimisha, mpeni mwenzenu ahadi ya miaka kadhaa, mbele ya sheha, iandikwe. Si lazima mti uwe wake. Ahadi ya ardhi inatosha kumfanya atie samadi. Wizara na kituo cha Kizimbani, fungueni mlango wa kupokea madaftari ya wakulima kila mwisho wa masika, myasome, mrudishe majibu kwa shehia kwa Kiswahili ambacho mkulima anaweza kumsomea jirani yake. Mabwana shamba na mabibi shamba, mkifika kwa mkulima, mwanzo ulizeni amejaribu nini, kabla ya kumwambia mlilokuja nalo.

Na wewe mkulima: masika ijayo pima vipande viwili, rusha sarafu, acha kimoja kama ulivyozoea, na nunua daftari. Andika siku ya kupanda, siku ya mvua kubwa, na uzito wa mavuno ya kila kipande. Mwezi wa kuvuna ukifika, mwite jirani aje aangalie mkivuna pamoja, na umuulize yeye atajaribu nini mwaka wa pili.